Mizani ya Diski: Mjadala Barazani Tandika

Alasiri moja ya Januari, saa ambayo jua limekwisha kuyachoma mabati ya Tandika tangu asubuhi na upepo wa bahari bado haujaukumbuka mtaa, watu wanne walikuwa wameketi juu ya benchi la mbao mbele ya kibanda cha fundi wa kompyuta, mbele yao dele la kahawa na sahani ya kashata, na baina yao kompyuta ya mezani iliyofunguliwa ubavu, waya zake zikiwa nje kama matumbo ya samaki aliyepasuliwa. Mwenye kompyuta alikuwa bwana mmoja wa stesheneri, aliyekuja nayo kutoka Kinondoni kwa daladala ndani ya mfuko wa salfeti. Na haja yake, kama alivyoieleza mwenyewe, ilikuwa ndogo: alitaka kujua kama inampasa kuiondoa diski yake ngumu na kuweka SSD, na ipi katika hizo mbili yenye kasi zaidi na yenye kula umeme kidogo zaidi, maana mita ya duka lake ni ya biashara, na kila shilingi 1,000 anayoiingiza katika LUKU humpa uniti 2.8 tu.

Nilikuwapo nikisikiliza. Yaliyosemwa nimeyapanga kwa namna ya mjadala, nikiwataja wasemaji kwa kazi zao: Fundi mwenye kibanda, Mwalimu, bibi anayefundisha fizikia na kompyuta katika shule ya sekondari, Karani, mzee mstaafu aliyeutumia ujana wake katika masjala za Serikali, na huyo Mwenye Stesheneri. Upande wangu siufichi: naamini ya kwamba kipimo kisichosema kilipima kazi gani, kwa muda gani na katika joto gani, ni tangazo la biashara lililovaa kanzu ya elimu.

FUNDI: Kaka yangu, swali hili halina uzito. Diski yako ina visahani vinavyozunguka mara 7,200 kwa dakika, na mkono unaokwenda huku na huku kutafuta maandishi. SSD haina kitu kinachozunguka. Soma sandukuni: megabaiti 500 kwa sekunde, yako ikijitahidi itakupa 150. Na umeme, yako inataka wati sita au saba, hii wati mbili au tatu ikiwa kazini, na ikipumzika haifiki hata wati moja. Toa fedha nikufungie, uende zako kabla foleni haijaanza barabara ya Kawawa.

KARANI: Taratibu, mwanangu. Sandukuni ameandika nani?

FUNDI: Kiwanda, Mzee wangu.

KARANI: Na anayeuza?

FUNDI: Kiwanda hicho hicho.

KARANI: Basi huo si ushahidi, hizo ni sifa za bwana harusi zinazosomwa na mjomba wake. Nina sababu ya kuwa na hadhari. Serikali yetu iliweka kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, na haikutimia miaka kumi, mwaka 1974, ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ninalolishika mimi katika habari ile ni moja: mashine ikija kwa sifa za kwao, asiwepo mtu wa huku wa kuipima kwa kazi za huku, hufika siku watu wakaikataa yote, jema na baya pamoja. Mkulima wetu naye aliibiwa miaka mingi kwa gunia la lumbesa, si kwa kuwa mizani ilikosekana duniani, bali kwa kuwa haikuwapo pale gunia lilipojazwa.

Maneno haya yalimgusa Fundi, ambaye ni kijana mwaminifu katika kazi yake na hakupenda kufananishwa na madalali wa mazao. Akaiunganisha SSD, akafungua programu ya kupimia ambayo mafundi wengi wa mtaani wanayo, na baada ya dakika chache kioo kikaonyesha kasi ya kuandika ya megabaiti 450 kwa sekunde, si mbali na ile ya sandukuni. Akamgeuzia Mzee kioo pasipo kusema neno.

MWALIMU: Hongera, umepima. Lakini programu yako imeandika gigabaiti ngapi?

FUNDI: Moja, Mwalimu. Ndivyo ilivyopangwa.

MWALIMU: Na hapo ndipo penye taksiri. Ndani ya SSD nyingi za bei rahisi kila chembe ya kumbukumbu imelazimishwa kubeba biti tatu au hata nne, na kuandika kwa namna hiyo ni kazi ya polepole; kwa sababu hiyo watengenezaji hutenga sehemu ambayo kila chembe huandikwa biti moja tu, upesi upesi, kisha mashine ipatapo nafasi huyahamisha maandishi na kuyapanga mahali pake. Ukiandika gigabaiti moja unaipima ile sehemu iliyotengwa. Diski yenyewe hujaigusa.

MWENYE STESHENERI: Kumbe ni simtanki! Nyumbani kwangu likiwa limejaa, ndoo ya kwanza na ya pili zinajaa kufumba na kufumbua. Likikauka, unabaki na bomba la DAWASA linalodondosha.

MWALIMU: Hukukosea hata neno. Na wewe duka lako linatumia ndoo ngapi?

MWENYE STESHENERI: Siku nyingi chache: barua, vyeti, fomu za watu. Lakini Jumapili na Jumatatu huja vijana wa kupiga video za harusi, na harusi moja si chini ya gigabaiti 40.

Basi ikakubaliwa kwamba harusi ndiyo itakayokuwa mizani. Fundi akaichukua kazi ya gigabaiti 40 iliyokuwa katika SSD yake nyingine, akaanza kuinakili kwenye hii mpya, na sote tukakaa tukitazama ule mstari wa kasi kiooni kama watu watazamao mshipi wa mvuvi. Ulianza juu kabisa, ukaenda hivyo kwa nusu dakika, kisha ukaporomoka ghafla hadi megabaiti 100 hivi, ukalala hapo mpaka mwisho. Dakika 5 na sekunde chache. Kazi ile ile, ilipoandikwa katika diski ya zamani ambayo kila mtu alikwisha kuihukumu kifo, ilikwenda kwa mwendo mmoja, megabaiti 110 bila kupanda wala kushuka sana, ikamalizika kwa dakika 6. Tafauti ya dakika moja, katika vitu viwili ambavyo sanduku linasema kimoja ni zaidi ya mara tatu ya kingine!

KARANI: Sasa ndiyo nasema kesi imeamuliwa. Bakia na diski yako, bwana, ukale fedha zako na wanao.

MWALIMU: Haijaamuliwa, Mzee wangu, na tukiikata hapa tutakuwa tumemdhulumu huyu SSD kama sanduku lilivyoidhulumu diski. Umekaa masjala, niambie, kusoma faili moja lenye kurasa mia, na kuletewa mafaili mia kutoka rafu mia, kila moja usome ukurasa mmoja, ni sawa?

KARANI: Hasha! La kwanza ni kazi ya kikao kimoja. La pili, mtumishi atakwenda na kurudi mpaka miguu imvimbe, na jua litakuchwa.

MWALIMU: Basi mtumishi huyo ndiye mkono wa diski ngumu. Mara 7,200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa sekunde. Kwa wastani husubiri nusu mzunguko mpaka herufi zipite chini yake, nayo ni milisekunde nne na kitu. Ongeza milisekunde tisa hivi za mkono wenyewe kusogea. Kwa hiyo katika sekunde moja hawezi kuleta mafaili zaidi ya sabini au themanini. Yakiwa madogo, ya kilobaiti nne nne, kasi yako ya 110 imekufa. Unapata kama theluthi moja ya megabaiti. SSD haina mtumishi wa kutembea. Huleta maelfu kwa sekunde. Na kompyuta inapowaka, inapofungua Windows na programu ya kuandikia barua, haisomi harusi, inasoma vikaratasi maelfu kwa maelfu vilivyotawanyika.

MWENYE STESHENERI: Ndiyo maana asubuhi naiwasha, nafagia duka zima, nakunywa chai, na mteja wa kwanza bado anaikodolea macho ikizunguka.

Hapa ndipo nilipouona msingi wa mambo yote waliyokuwa wakibishania. Fundi hakusema uongo, wala Karani, wala sanduku. Kila mmoja alikuwa amepima kitu kimoja na kukiita vyote. Wahenga wetu wa pwani, waliokuwa na kibaba na kisaga na pishi, walijua kwamba kabla ya kuuliza ni pishi ngapi sharti uulize pishi ya nani. Hata katika ujazo mambo ni hayo hayo: mnunuzi wa diski ya gigabaiti 500 huona kompyuta ikimwambia 465, akadhani amepunjwa, ilhali kiwanda kimehesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Huyo hakuibiwa. Aibiwaye ni yule wa flashi zilizochakachuliwa, ambazo hujitangaza kuwa na gigabaiti 64 na ndani mna nane, zikipokea picha za mtu na kuzitupa kimya kimya; na dawa yake ni moja tu, kuijaza flashi yote mpaka pomoni kisha kuyasoma tena yote yaliyoandikwa, kama inavyofanya programu ya Kijerumani ya H2testw. Fundi wetu hufanya hivyo kwa kila flashi anayoiuza, na kwa hilo nampa heshima yake.

Ikabaki hoja ya umeme.

FUNDI: Kwa umeme hamnishindi. Wati sita na wati mbili, nani hajui kutoa? Na kama mtu anataka kubana matumizi kwelikweli, anunue flashi. Hiyo hata nusu wati ni nyingi.

MWALIMU: Wati ni mwendo wa kunywa, ndugu yangu, si kiasi kilichonywewa. Nipe harusi yako ya gigabaiti 40. Flashi rahisi huandika megabaiti kumi kwa sekunde: hizo ni sekunde 4,000, saa moja na dakika saba kasoro kidogo. Diski ya nje ya mfukoni, kwa waya wa USB 3.0, tuseme inaandika megabaiti 100: sekunde 400. Flashi inakunywa nusu wati kwa sekunde 4,000, juli 2,000. Diski inakunywa wati mbili na nusu kwa sekunde 400, juli 1,000. Yule mnywaji mdogo amekunywa maradufu kwa kuwa hakuondoka mezani. Na hatujaihesabu kompyuta yenyewe, yenye wati themanini, iliyokaa macho muda wote huo ikimngojea.

KARANI: Tarakimu za mdomoni. Nionyeshe.

Mwalimu akainuka, akaenda penye mita ya LUKU iliyo ukutani, akafuta vumbi kwa kidole na kuwaonyesha maandishi madogo ambayo kila nyumba inayo na wachache huyasoma: 1000 imp/kWh. Maana yake, akasema, ile taa nyekundu huwaka mara elfu moja kwa kila uniti, na kila ikiwaka mara moja wati-saa moja imekwenda. Feni ikazimwa, taa ya kibandani ikazimwa, chaja za simu za wateja zikachomolewa zote, ikabaki kompyuta ya Mwenye Stesheneri peke yake pamoja na kioo chake. Joto likatushika shingoni. Mwalimu akafungua saa ya simu, na Karani, ambaye macho yake bado ni mazima, akapewa kazi ya kuhesabu. Kwa diski ya zamani, baina ya taa kuwaka na kuwaka tena zilipita sekunde 45, nazo ni wati 80. Fundi akazima, akabadilisha, akawasha kwa SSD. Sekunde 48: wati 75.

KARANI: Sekunde tatu.

MWALIMU: Sekunde tatu, yaani wati tano. Na zile harusi mbili mlizonakili, ya SSD ilikuwa ya kuwasha taa mara sita, ya diski mara nane. Ile ya flashi ingeiwasha mara 89.

MWENYE STESHENERI: Nifanyieni hesabu ya duka. Nafungua saa kumi kwa siku, siku 26 kwa mwezi.

MWALIMU: Wati tano mara saa 260 ni uniti 1.3. Kwa mita yako ya biashara haifiki shilingi 500 kwa mwezi. Kwa mita ya nyumbani ya mtu asiyezidisha uniti 75, ambaye shilingi 1,000 humpa uniti 8.2, haifiki hata 200. Kwa sababu hiyo anayepima umeme aandike wati-saa, asiandike shilingi. Shilingi hubadilika mtu akivuka ukuta.

Kimya kikaingia. Fundi, aliyekuwa akiwauzia watu SSD kwa hoja ya LUKU, aliona hoja yake ikigeuka senti. Na Karani akaichukua nafasi hiyo upesi.

KARANI: Kumbe tumezimiana feni kwa shilingi mia tano! Basi kipimo cha umeme kitupwe. Hasa sasa, na Bwawa la Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115, nani atafuta vumbi la mita kwa ajili ya wati tano?

MWALIMU: Mzee wangu, nimekupimia ili usidanganywe na walio wengi, nawe sasa unataka nisipime tena? Kwa kompyuta moja, wati tano ni kitu hafifu, na ni haki mnunuzi ajue kuwa ni hafifu. Hiyo pekee ni faida ya kupima. Walakini nenda Kijitonyama, penye kituo cha taifa cha kuhifadhia data, au popote pengine zinapowekwa kumbukumbu za mabenki na za ofisi, ambako diski hazizimwi usiku wala Idi. Chukua diski elfu moja, kwa mfano tu, za wati nane kila moja: hizo ni kilowati nane usiku na mchana, uniti 5,760 kwa mwezi, na kwa bei ya mita ya duka la bwana huyu ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Kisha kila wati iliyoingia ndani ya diski hutoka ikiwa joto, na katika mji huu joto halitoki chumbani pasipo kiyoyozi, nacho hula umeme wake. Ndiyo maana walioweka kanuni za kupima mitambo mikubwa, kama chama cha SNIA katika kipimo chao cha Emerald, hawatangazi wati peke yake wala kasi peke yake: hugawanya kazi kwa wati, na mtambo ukiwa umepumzika hugawanya ujazo kwa wati. Na baya lililo jirani nasi zaidi ni mgao. Umeme ukikatika na UPS ikapiga kelele, hakuna anayeuliza shilingi. Unauliza dakika ngapi nimebakiwa nazo za kuhifadhi kazi ya mteja, na diski iliyo nyepesi kwa umeme na nyepesi kwa mafaili madogo hukuwezesha kufunga na kuzima kabla betri haijakufa.

FUNDI: Hilo la joto niongeze, kwa kuwa nimeliona kwa mikono yangu. Zipo hizi SSD ndogo kama ubani wa pakiti, za NVMe, zinazotangazwa megabaiti 3,500. Zikifungwa ndani ya laptopu isiyo na njia ya hewa, kibandani humu, zikapewa kazi ndefu, hupata moto mpaka huwezi kuzigusa, nazo zenyewe hupunguza kasi ili zisiungue. Waliozipima walikaa chumba cha baridi.

MWALIMU: Basi andika joto. Leo ni nyuzi 33; iandike.

MWENYE STESHENERI: Na kamera zangu za dukani? Nilitaka kuweka SSD huko pia, kwa kuwa zinarekodi mchana na usiku.

Swali hili, lililokuja mwisho na kwa unyonge, naliona ndilo lililokuwa bora kuliko yote, kwa sababu lilimlazimisha kila mmoja kuiacha ngome yake. Mwalimu alihesabu polepole: kamera nane, kila moja megabiti nne kwa sekunde, jumla ni megabaiti nne kwa sekunde, kiasi ambacho diski ngumu ya kawaida hukiandika kama mtu anayesinzia, maandishi huja kwa mfululizo, faili nene baada ya faili nene, na mtumishi wa masjala hana haja ya kukimbia. Lakini kwa siku moja hizo ni gigabaiti 345, na SSD ya bei rahisi ambayo kiwanda kimeidhamini kwa terabaiti 150 za kuandikwa itakuwa imeumaliza udhamini huo kwa siku 434 hivi, mwaka mmoja na miezi miwili. Fundi alitikisa kichwa kukubali. Naye Karani, aliyekuwa wakili wa diski ya zamani tangu mwanzo, hakusema kitu, ila alijimiminia kahawa.

Uamuzi ukawa huu. Kompyuta ya barua na vyeti ikafungwa SSD, kwa ajili ya mafaili madogo na asubuhi za wateja, si kwa ajili ya LUKU. Diski ya zamani, ambayo bado ilikuwa na afya, ikaenda kwenye mashine ya kamera. Vijana wa harusi watapewa kazi zao katika diski ya mfukoni, na anayetaka flashi atalipia saa yake.

Kabla hatujaondoka Fundi alikata kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene, akakifunga kwa mpira juu ya SSD ya aina ile ile iliyobaki katika kabati lake la kioo, upande anaouona mnunuzi: "Imepimwa Tandika, joto 33. GB 1: kasi 450. GB 40: dakika 5, mwisho kasi 100. LUKU mara 6."